Tuandike Wenyewe: Ilani ya Muaither



Sisi tunaotoa ilani hii ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tumetoka Nairobi na Kisumu, Mombasa, Mwanza, Dar es Salaam, Kampala, Bukavu na Lubumbashi, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Tunaishi Muaither, upande wa magharibi wa Doha, katika manispaa ya Al Rayyan, kwenye vila zilizogawanywa vyumba vidogo vidogo kwa kuta za jasi. Kazi zetu mnazijua: ulinzi, udereva, usafi, uuguzi, jikoni, kulea watoto wa watu. Leo tunaanzisha harakati yenye lengo moja. Watakatifu wanaosema Kiswahili wawe na jarida lao huru, wanaloliandika na kulihariri wenyewe.

Tunaposema huru, tunasema jarida ambalo Kanisa halilimiliki, haliligharamii na halilikagui. Halitasema kwa niaba ya Kanisa, na halitakuwa adui wa Kanisa. Wengi wetu ni watu wa sakramenti kila wiki na zaka kila mwezi. Wengine wamekaa na maswali moyoni kwa miaka na hawajapata pa kuyaweka. Wapo pia walioacha kuja, lakini bado wakisikia wimbo wa Kanisa huufuatisha hadi mwisho. Jarida hili ni la wote hao.

Siku ileile Kanisa lilipoundwa, tarehe 6 Aprili 1830, agizo mojawapo la mwanzo lilikuwa kwamba kumbukumbu iandikwe. Limo katika Mafundisho na Maagano, sehemu ya 21, na tumelisoma darasani mara nyingi. Basi tunauliza: kumbukumbu ya Watakatifu wa Afrika Mashariki iko wapi, na iko kwa lugha gani?

Kanisa lilitambuliwa rasmi Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka ya kukutana majumbani, Nairobi na huko Ukambani upande wa Chyulu, bila kujitangaza. Kigingi cha kwanza cha Nairobi kiliundwa 2001, na rais wake alikuwa Joseph Sitati, Mkenya aliyebatizwa 1986 pamoja na familia yake, ambaye mwaka 2009 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuitwa miongoni mwa Viongozi Wakuu wenye Mamlaka wa Kanisa lote. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Kabla yake, Mkenya aliyetaka kuunganishwa na mwenzi wake na watoto wake kwa milele alisafiri hadi Johannesburg, ambako hekalu lipo tangu 1985. Ebu fikirini safari hiyo: nauli ya familia nzima, pasipoti za watoto, mipaka, kazi iliyoombewa ruhusa, majirani wasioelewa kwa nini fedha za kiwanja zimemalizwa kwenda kusali Afrika Kusini. Waliokwenda wapo hai. Wanasimulia jikoni, wanasimulia baada ya mkutano watoto wakikimbizana uani. Simulizi hizo zikipata kuandikwa, huandikwa kwa Kiingereza, na mmisionari au mgeni aliyepita. Wenyewe wakizeeka, zitakwenda nao.

Karibu kila tulicho nacho kwa Kiswahili kimetafsiriwa. Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000, na kuna wazee wanaokumbuka kukishika kwa mara ya kwanza na kusoma usiku kucha. Tuna masomo ya Njoo, Unifuate na tuna gazeti la Kanisa, Liahona. Tunashukuru kwa kila ukurasa, na tunawaheshimu watafsiri waliotokwa jasho juu yake. Lakini maneno yote yanakuja upande mmoja tu, kutoka Salt Lake City kuja kwetu. Kinachorudi kutoka kwetu ni hesabu za waliobatizwa na picha za watu wanaotabasamu mbele ya jengo.

Hatumlaumu mtu kwa hili. Zamani Kanisa lilikuwa na magazeti mengi yaliyoendeshwa na vyombo vyake mbalimbali. La Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama lilihaririwa na wanawake wenyewe kuanzia 1915. Mwaka 1970 magazeti hayo yalifungwa, na tangu 1971 yakawa machache yanayosimamiwa kutoka makao makuu, ili mafundisho yawe mamoja duniani kote. Liahona ya leo inawasemesha waumini zaidi ya milioni 17. Kazi yake ni hiyo na inaifanya. Lakini jarida la watu milioni 17 halina nafasi ya kujadili mambo yanayotukosesha usingizi sisi.

Mambo hayo ni yapi? Kijana wa Kakamega amemaliza misheni, amepata mchumba wa imani yake, na wazee wa upande wa mke wanataka mahari ambayo hatailipa kwa miaka mitano. Je, asubiri, akope, au aende zake hekaluni na kuwaacha wazee na hasira? Mtu mwenye wake wawili amesoma Kitabu cha Mormoni na anataka ubatizo. Nani amtazame mke wa pili machoni na kumweleza, na watoto wa nyumba ile wanakuwa nani? Sisi na Watakatifu wa Utah tuna jambo moja ambalo hatujawahi kukaa chini tukaliongea: wao ni wajukuu wa ndoa za wake wengi zilizositishwa kwa tamko la 1890, na wengi wetu ni wajukuu wa ndoa kama hizo zilizopo hadi leo. Mazungumzo hayo yana utajiri ambao hakuna somo la Jumapili linaloweza kuubeba.

Hapa Ghuba kuna mengine. Mtu amekuja kwa deni la ajenti. Zaka itoke kwenye mshahara wote au kwenye kinachobaki baada ya deni? Dada anayefanya kazi ya ndani hapewi siku ya kutoka, na hajagusa mkate wa sakramenti tangu afike. Nani anamhudumia, na kwa njia gani ambayo haitamponza? Mume yuko Doha, mke yuko Webuye, wameunganishwa hekaluni kwa milele na hawajaonana tangu mtoto wa mwisho alipokuwa akinyonya. Haya yanazungumzwa Muaither kila wiki kwa sauti ya chini. Tunataka yaandikwe, yafikiriwe, yajibiwe na watu wanaoyaishi, wakubaliane au wabishane.

Kuna watakaosema kwamba jarida huru ni utamaduni wa kigeni kwa Watakatifu, kwamba muumini mtiifu hana haja nalo. Historia yetu yasema vingine, na ni historia inayostahili kutazamwa bila kupepesa macho.

Kitabu cha Mormoni kilianza kuuzwa Palmyra, New York, tarehe 26 Machi 1830, siku 11 kabla ya Kanisa kuundwa. Dini hii ilitanguliwa na mtambo wa kuchapa. Miaka mitatu baadaye, huko Independence, Missouri, W. W. Phelps alikuwa na nyumba ya matofali yenye mtambo wa kuchapa uliokuwa ukitoa gazeti la Watakatifu, The Evening and the Morning Star. Julai 1833 alichapisha makala kuhusu sheria zilizowahusu watu weusi huru waliotaka kuingia jimbo hilo. Missouri lilikuwa jimbo la utumwa, na makala hiyo iliongeza moto juu ya chuki iliyokuwapo. Tarehe 20 Julai kundi la watu lilibomoa nyumba ile na kutupa herufi za risasi na karatasi barabarani. Wasichana wawili, Mary Elizabeth Rollins na mdogo wake Caroline, walikimbilia karatasi za ufunuo zilizokuwa zikichapwa, wakazikumbatia na kujificha katika shamba la mahindi hadi waliokuwa wakiwatafuta wakakata tamaa. Tukio hilo tunafundishwa tangu utotoni, na tunalipenda.

Lakini tukumbuke na la pili. Tarehe 7 Juni 1844, katika mji wa Nauvoo, Illinois, ambao sasa ulikuwa mji wa Watakatifu wenyewe, lilitoka gazeti liitwalo Nauvoo Expositor. Waliolitoa walikuwa waumini waliotengana na mwanzilishi wa Kanisa, Joseph Smith, akiwamo William Law aliyewahi kuwa mshauri wake katika Urais wa Kwanza, na walimshutumu hasa juu ya ndoa za wake wengi. Tarehe 10 Juni baraza la mji, Joseph akiwa meya, liliamua kwamba gazeti hilo ni kero kwa umma, na jioni ileile mtambo ukavunjwa. Toleo lilikuwa limetoka moja tu. Kuvunjwa huko ndiko kulikomfikisha Joseph katika jela ya Carthage, na tarehe 27 Juni yeye na kaka yake Hyrum waliuawa humo na kundi lenye silaha. Waliovunjiwa mtambo Missouri walikuja kuvunja mtambo Nauvoo. Tunayaandika haya tukimwamini Joseph kuwa nabii. Na kwa kuwa tunamwamini, hatutaki watoto wetu wayasikie kwanza kutoka kwa mtu anayetaka kuwatoa katika imani.

Baada ya hapo Watakatifu hawakuacha kuandika wenyewe. Mwaka 1872, Salt Lake City, Louisa Lula Greene alianza kuhariri Woman's Exponent, gazeti la wanawake ambalo halikuwa mali ya Kanisa ingawa viongozi waliliunga mkono. Emmeline B. Wells alilishika kuanzia 1877 hadi lilipofungwa 1914. Humo mwanamke alitetea haki ya kupiga kura na akatetea imani yake, mara nyingine katika ukurasa uleule. Karibu karne moja baada ya toleo la kwanza, akina mama wa Boston waliyakuta magazeti hayo yaliyosahaulika katika maktaba ya chuo cha Harvard, wakayasoma kwa mshangao, na mwaka 1974 wakaanzisha Exponent II. Miongoni mwao walikuwamo Claudia Bushman, mhariri wake wa kwanza, na Laurel Thatcher Ulrich, ambaye baadaye alitunukiwa tuzo ya Pulitzer kwa kazi yake ya historia. Kurasa walizipanga majumbani mwao, watoto wakiwa pembeni. Kundi hilohilo lilikuwa limekwisha kuandaa toleo la wanawake la jarida la Dialogue mwaka 1971.

Dialogue lenyewe lilianzishwa 1966 na vijana wasomi wa Stanford, California, Eugene England na G. Wesley Johnson wakiwa mbele. Tunalipenda kwa sababu moja ambayo mhamiaji yeyote ataielewa: halikuwa na makao. Wahariri walipobadilika lilikwenda Los Angeles, kisha eneo la Washington chini ya Mary Bradford, mwanamke wa kwanza kulihariri, kisha likahamia Utah. Lilikaa popote palipokuwa na watu wa kulibeba. Jarida la Sunstone likafuata 1975, kazi ya wanafunzi. Hakuna hata moja kati ya haya lililosubiri fedha za kutosha.

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa sisi kuliko wote.

Kwa zaidi ya karne moja, tangu rais wa Kanisa Brigham Young alipotangaza katazo hadharani mwaka 1852, mwanamume mwenye asili ya Kiafrika hakupewa ukuhani katika Kanisa hili, na watu weusi, wake kwa waume, hawakupokea ibada za hekalu. Viongozi walitoa sababu: laana ya Kaini, upungufu wa ushujaa katika maisha kabla ya kuzaliwa. Machi 1963 mwanafunzi Mnaijeria aliyekuwa akisoma California alisoma maelezo hayo, akaandika barua ya kuyapinga kwa gazeti la Nigerian Outlook la nyumbani kwao. Wakati huo maelfu ya Wanaijeria walikuwa wakijiita kwa jina la Kanisa bila kubatizwa, na wamisionari walikuwa wakisubiri viza. Baada ya barua hiyo, viza hazikutolewa. Barua moja gazetini ilifanya kazi ambayo hakuna aliyetarajia, na wala hatuwezi kusema ilikuwa barua ya uongo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1973, Dialogue lilichapisha utafiti mrefu wa daktari mmoja muumini, Lester Bush. Alikuwa amekusanya kila hati aliyoweza kuipata, na alichokionyesha ni kwamba hakuna ufunuo uliopatikana katika kumbukumbu ulioanzisha katazo hilo, na kwamba Joseph Smith alipokuwa hai watu weusi walitawazwa. Elijah Abel alipata ukuhani mwaka 1836. Juni 1978 Rais Spencer W. Kimball alitangaza ufunuo uliofungua ukuhani kwa wanaume wote wanaostahili. Novemba mwaka uleule Anthony Obinna alibatizwa Nigeria, baada ya kusubiri kwa miaka. Sisi ni matunda ya Juni ile. Hatudai kwamba makala ilileta ufunuo. Tunachosema ni kwamba miaka mitano kabla ya milango kufunguliwa, muumini mmoja alikaa na hati zake na jarida huru likampa kurasa. Desemba 2013 Kanisa lenyewe lilichapisha insha inayozikana nadharia zile za laana na kuthibitisha mengi ya yale ambayo Bush aliyaeleza miaka 40 nyuma.

Mzigo wa katazo hilo ulikuwa wetu, na mjadala wake umeandikwa kwa Kiingereza kwa maelfu ya kurasa. Kijana wa Bukavu anausikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mpinzani aliyeandaa video, usiku, peke yake, simu mkononi. Anajiona amedanganywa. Wapo waliotoka Kanisani kwa usiku mmoja wa namna hiyo. Tunasema wazi kwamba hilo peke yake linatosha kuanzisha jarida.

Hatutawaficha gharama. Septemba 1993 waandishi na wasomi sita walichukuliwa hatua za nidhamu ya Kanisa ndani ya mwezi mmoja. Mmoja wao, Lavina Fielding Anderson, mhariri aliyewahi kufanya kazi katika gazeti la Kanisa, alitengwa baada ya kuchapisha katika Dialogue orodha ya matukio ya msuguano kati ya viongozi na wasomi.  Hata hivyo aliendelea kwenda kanisani katika kata yake kwa miaka 30, bila kupokea sakramenti, hadi alipofariki 2023. Watu wa kila upande wamemfanya bendera yao. Sisi tunamchukua kama mwalimu wa jambo moja, kwamba mtu anaweza kusema alichokiona na bado akabaki kwenye benchi lake. Tunatumaini viongozi wetu, wa tawi na wa kigingi, watatusoma kwa moyo huohuo. Milango ya jarida iko wazi kwao. Makala ya rais wa tawi itapimwa kama ya mwingine yeyote.

Na kujiandikia wenyewe si jambo geni katika lugha yetu. Mwaka 1888, Kiungani, Unguja, wanafunzi wa chuo cha misheni ya Kianglikana walianza kutoa gazeti la Msimulizi, lililojaa habari kutoka vituo vya bara, zilizoandikwa na Waafrika wenyewe. Wengine kati yao walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1937 Erica Fiah, Mganda mwenye duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu, akiwa mgeni katika mji ule kama sisi tulivyo wageni hapa. Na mfano tunaouheshimu kuliko yote katika uandishi wa dini ni wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Hakuwaandikia wageni. Aliwaandikia Waislamu wenzake wa pwani, akiwakosoa kwa uchungu wa mtu wa nyumbani juu ya elimu, juu ya uvivu, juu ya mila zilizovaa joho la dini. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba haipendi dini yake. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Makala zake zikakusanywa katika kitabu Uwongozi. Sisi ni Wakristo wa madhehebu madogo, na tunajifunza kwake bila haya.

Kwa nini Muaither? Kwa sababu hapa ndipo tulipo sote. Nyumbani, Mtakatifu wa Mwanza hamjui wa Lubumbashi; hapa wanapika sufuria moja, mmoja akisema "sijui" na mwingine "mi siyue", wakielewana. Hapa Ijumaa ni siku ya mapumziko, nayo imekuwa siku ya ibada kwa Wakristo wengi wa Doha. Kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba kazi za juani husimama saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, na baadhi yetu tumezoea kutumia saa hizo kusoma. Umbali nao hufundisha. Mtu akiwa mbali na kijiji chake huanza kuona kilichokuwa cha kijiji na kilichokuwa cha injili.

Tunajua pia tuko katika nchi ya nani, na tunaiheshimu. Sheria ya Qatar inakataza kuhubiria Waislamu dini nyingine. Jarida hili halitafanya hivyo, si hapa wala kwa mzunguko wa chinichini. Magazeti hapa yanahitaji leseni, na uchangishaji wa fedha unahitaji kibali. Kwa hiyo jarida halitachapwa Qatar, halitagawiwa mitaani Qatar, na hakuna riyali itakayokusanywa kwa jina lake Muaither. Litasajiliwa na kuchapwa Nairobi kwa kufuata sheria ya Kenya, na wenye kuchangia watachangia huko. Mwaka 2021 Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi hapa na aliyekuwa akiandika kwa jina la Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji, alikamatwa na hatimaye akatozwa faini ya riyali 25,000. Tunajua kima cha chini cha mshahara hapa ni riyali 1,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo kila mmoja wetu ameipiga kichwani. Ndiyo maana hakuna mwandishi aliye Ghuba atakayelazimishwa kutia jina lake, na hakuna mhariri atakayelitoa jina hilo kwa mtu yeyote.

Jarida litatoka mara nne kwa mwaka. Nakala ya karatasi itapatikana Nairobi kwa bei ya uchapaji, na nakala ya simu itakuwa bure. Kila makala itasomwa kwa sauti na kurekodiwa, kwa ajili ya mlinzi wa zamu ya usiku na kwa ajili ya mama asiyesoma. Nusu ya wahariri watakuwa wanawake, na tunaposema nusu hatusemi mmoja wa kupamba meza. Kiswahili cha Kongo hakitasahihishwa kiwe cha Unguja. Mhariri atakaa miaka mitatu na kuondoka, hata akipendwa namna gani. Jarida lililoshikwa na mtu mmoja hufa naye.

Kila dai la historia litakuja na hati yake, au halitachapwa. Tutakosoa sera na matendo. Hatutamvua mtu nguo. Maneno matakatifu ya hekaluni hayataandikwa humu, wala siri aliyoambiwa askofu. Makala inayomtaja kiongozi kwa lawama itapelekwa kwake kwanza, na jibu lake litakaa kando yake kwa herufi za ukubwa uleule. Hatutaandika neno la kuwadhalilisha Waislamu, ambao ni wenyeji wetu hapa na kwa wengi wetu ni mashangazi na wajomba kule Mombasa na Ujiji. Ushuhuda utapata nafasi, na shaka itapata nafasi, bila moja kuwekwa kusafisha nyingine. Makala za kusifu tu tutazirudisha kwa upole. Za kutukana tutazirudisha vilevile.

Toleo la kwanza lina mada moja: safari za kwenda hekaluni Johannesburg kabla ya Nairobi kuwa na hekalu lake. Aliyekwenda na aandike au arekodi kwa simu, kwa Kiswahili anachokiota. Tunataka tarehe kama zipo, nauli, mipaka iliyopitwa, nani alibaki na watoto wadogo, nini kilikosekana njiani, nini kilisemwa siku ya kurudi, na kama kulikuwa na aliyekataliwa mlangoni, hilo nalo. Waliokusanya fedha kwa miaka na hawakuwahi kufika, hao tunawaomba kwanza. Kazi zipelekwe kwa Mtakatifu aliyewapa ilani hii, naye atazifikisha. Mwenye mzee nyumbani, ampigie Ijumaa hii.